Jina Lililoteleza Kwenye Karatasi ya Mazishi

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, Masisi-centre
Tarehe: Alhamisi, 12 Septemba 2019
Mpokeaji: OPJ Darius, afisa wa polisi wa upelelezi
Jina la shahidi: Nestor Bauma
Umri: Miaka hamsini na miwili
Kazi: Mwenye secrétariat public. Anaandika, anapiga fotokopi, anachapisha
Makao: Masisi-centre, nyuma ya soko
Kuhusu: Adelaïde, mkaaji wa Ntoto, territoire ya Walikale, aliyewekwa kituoni tangu Jumamosi tarehe 7

Mimi Nestor nimefika kituoni kwa miguu yangu, bila kuitwa na bila kusukumwa. Nimeomba kusema juu ya karatasi za mazishi ya Papa Léopold wa Kingi, kwa sababu zilitoka kwenye imprimante yangu, mashine yangu ya kuchapa, na kwa sababu sasa kuna watu wawili waliofungwa kwa ajili ya karatasi hizo. Adelaïde amefungwa hapa. Kaka yake Noël amejifunga mwenyewe kule Kingi, kwenye mkeka, uso ukutani, hataki chakula. Huyu wa hapa, ufunguo wake uko mfukoni mwenu. Wa yule wa Kingi sijui uko kwa nani, ila nadhani njia ya kuufikia inapitia hapa.

Afande Darius ananiambia nianze mwanzo. Naanza.

Duka langu ni chumba kimoja chenye mlango wa bati. Nina mashine moja ya kuandikia, imprimante moja inayokohoa kunishinda, na kibao nilichokipaka rangi mwenyewe: KILA KAZI YA OFISI. Mke wangu anasema ningeandika KILA KAZI YA MATANGA, maana watu wa harusi huenda kuchapisha Goma, kwenye rangi nzuri, na mimi hubaki na wafu. Sikatai. Najua kupanga picha ya marehemu na kuizungushia maua. Kwa maua sina mpinzani hapa Masisi.

Mnamo tarehe 5 Septemba, siku ya Alhamisi, mchana, Adelaïde aliingia dukani. Alikuwa na matope mpaka magotini, na clé, ile flash ya kubebea maandishi, ameifunga kwenye pindo la kitenge. Tulijuana tangu zamani, maana Ntoto hakuna imprimante, na karatasi zote za ushirika wao wa mawese huzileta kwangu.

Akasema, "Papa Nestor, courant iko?"

Nikamjibu, "Umeme? Kwako wewe utakuwapo, dada. Ukikosekana nitapiga pedali."

Hakucheka. Hapo nikaelewa.

"Ni papa," akasema. "Alitutoka Juma'nne, iko pale hospitali anatungojea. Tunamuzika kesho. Nimeandika kila kitu kule Ntoto, wewe utoe tu. Usibadirishe kitu."

"Hata maua?"

"Maua unaweza."

Akaniachia clé, akaenda hospitali kumwosha baba yake pamoja na wanawake wengine. Hakuiona karatasi ikitoka. Naomba hilo liandikwe wazi.

Sasa lazima niseme juu ya mashine, na Afande anivumilie. Ile ya Ntoto ililetwa na mradi ambao watu wamesahau hata jina lake. Ni nzito kama jiwe la kusagia, na programu yake ya kuandika ni ya siku nyingi. Yangu ni laptop iliyotumika Ulaya. Kijana mmoja wa Goma aliitoa mfumo wake wa kwanza kwa sababu ya virusi, akatia mwingine, wa bure, akanihakikishia, "Papa, huu haugonjwi." Kweli haujaugua. Lakini mashine hizi mbili zikikutana ni kama watu wawili sokoni wenye lugha mbalimbali: wanauziana maharage vizuri, halafu kila mmoja anafika kwake na habari tofauti kidogo na aliyopewa.

Afande ameuliza tofauti gani. Ni sura ya herufi, ile ambayo kwa Kifaransa tunaiita police. Sura aliyoitumia Adelaïde kwangu haimo. Na mashine yangu haina adabu ya kusema "sina". Inachukua sura nyingine inayokaribiana nayo, inayavisha maneno, na hainiambii kitu. Mara nyingi haidhuru. Maneno yanapanuka kidogo, yanasogea kidogo. Kwa hiyo nikisema kosa ni la police, naomba Afande aandike vizuri ni ipi.

Nilifungua. Jina la marehemu lilikuwa sawa, tarehe sawa, nyimbo sawa. Chini kulikuwa na majina ya familia. Sikuwajua wote, na nilikuwa nimeambiwa nisibadilishe. Nilihangaika na maua. Nikachapa, nikakunja katikati. Karatasi hizi zetu ni nusu ya ukurasa, nyembamba, za kushikwa mkononi kaburini.

Jioni alikuja kuzichukua Noël, mtoto mkubwa wa marehemu, mkulima wa Kingi, mtu wa mabega, ambaye huingia dukani mwangu kwa ubavu. Mvua ilikuwa inaanza. Nilizifunga kwenye sachet ya plastiki, akazitia kwapani, akaniuliza, "Umemupendezesha muzee?" Nikamwambia hata mwenyewe angejitamani. Akacheka, akaenda. Hakuzifungua. Alizibeba yeye mwenyewe mpaka Kingi.

Mazishi yalifanyika kesho yake, Ijumaa tarehe 6, saa nane mchana, pale Kingi, juu ya shamba la maharage. Nilikuwapo. Huwa nakwenda kwenye mazishi niliyoyachapisha. Mke wangu anasema nafuata chakula.

Hapa niieleze desturi yao, maana bila hiyo mtu wa mbali hataelewa kwa nini watu walitaka kumpiga Adelaïde. Papa Léopold alikaa Kingi miaka mingi, lakini ni mtu wa Ntoto, na ukoo wake umeshika jambo moja. Mchungaji akimaliza yake, anasogea pembeni na kutazama miti. Dada mkubwa wa marehemu anasimama kichwani mwa kaburi na kuita majina. Kwanza anaita wanaompokea, yaani wafu wa nyumba waliotangulia. Baada ya kila jina ananyamaza, na watu wote wananyamaza, kumpa nafasi yule aliyeitwa. Hakuna anayeitika. Halafu anaita wanaomsindikiza, yaani wazima, na kila mmoja akisikia jina lake anasema, "Niko." Zamani majina yalikaa kichwani. Siku hizi yanaandikwa kwa mashine, na karatasi moja inawekwa kifuani mwa marehemu kabla sanduku halijafungwa, ili akifika asisahau mtu.

Kwa hiyo kwenye karatasi kulikuwa na kolone mbili. Kushoto, wanaompokea, walikuwa watatu: Raphaël, baba wa marehemu, Agathe, mke wa kwanza wa marehemu na mama yake Noël, na Prince. Prince alikuwa mtoto wa Noël. Homa ilimchukua mwaka juzi, na umri wake ulikuwa wa kuanza shule. Kulia, wanaomsindikiza, walikuwa wanne: Fifi, mjane, ambaye ni mama yake Adelaïde, Emérence, mke wa Noël, Adelaïde mwenyewe, na wa mwisho, Noël.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa Ntoto. Sivyo ilivyotoka kwangu.

Anayesoma ni Mama Libérata, dada wa marehemu. Alivaa miwani ya mume wake aliyekufa, na husoma polepole, kila jina kwa kidole. Akaita, "Raphaël." Tukanyamaza. "Agathe." Tukanyamaza. "Prince." Hapo Emérence aliinamisha kichwa, na palikuwa kimya mpaka ng'ombe wa kilima cha pili wakasikika. Kidole cha Mama Libérata kikashuka tena. Akaita, "Noël."

Na Noël akajibu, "Niko."

Alijibu kwa sauti nzuri, bila kufikiri, kama mtu anavyoitwa na mama yake kutoka uani. Afande, mimi nimekaa na vifo miaka mingi, vyote vimepita kwenye karatasi zangu, na sijawahi kuona watu wengi namna ile wakisimama bila hata mmoja kukohoa. Mchungaji aliacha kutazama miti. Mama Libérata alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia karatasi, kisha akamwangalia Noël. Noël alikuwa bado amefungua mdomo.

Mama wa watu akaendelea, maana kazi haikatishwi. "Fifi." Niko. "Emérence." Huyo sauti haikutoka, ila midomo ilionekana. "Adelaïde." Niko. Basi. Upande wa kulia majina yakaisha hapo. Sanduku lilikuwa limeshapigwa misumari, na karatasi imo ndani.

Noël alitupa udongo wake kama wengine. Akaenda nyumbani, akalala. Mpaka leo hajainuka.

Jumamosi tarehe 7, asubuhi, ndugu za Emérence na vijana wa jirani walimzingira Adelaïde kwenye nyumba ya marehemu. Kila mtu Kingi anajua kuwa yeye na Noël, watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali, wana kesi juu ya lile shamba la maharage karibu na kijito. Watu walisema: ameona mahakama inachelewa, amempeleka kaka yake kwa wafu kwa njia ya mkato. Aliyeandika karatasi ni nani? Ni yeye. Basi. Polisi walimleta hapa kabla hajaumizwa, na kwa hilo nawashukuru. Lakini siku zinakwenda. Noël akifa, neno "kuhifadhiwa" mnalotumia kwa Adelaïde litabadilika kuwa neno lingine. Emérence aliniambia ndugu zake wameshasema watakachofanya siku hiyo, na mlango wa kituo hiki, Afande anisamehe, ni wa mbao laini.

Nami niseme ukweli: mpaka Jumatatu nilidhani watu wale wanasema kweli. Nilifungua ile clé iliyobaki kwangu dukani, nikaona kwa macho yangu Noël yuko kushoto, chini ya Prince. Nikasema moyoni, Adelaïde, umefanya nini?

Jumatatu tarehe 9, Emérence akaja dukani. Hakusalimia. Alisimama mlangoni.

"Papa Nestor, mashine yako imemukula bwana yangu."

"Mama Emérence, ingia, ukae."

"Sikai. Nakuja kuangaria tu sura yake. Njo hii? Ndogo hivi?"

Nikamwambia mashine haikumla mtu, inatoa tu ilichopewa. Ili kumwonyesha, nikaweka alama ya kuandikia mbele ya jina la Noël, nikagonga kitufe cha kurudi nyuma, nikidhani nitakutana na mwisho wa mstari wa Prince.

Sikukutana nao. Jina lilipanda juu, likakimbilia ukingoni kulia. Nyuma yake hapakuwa na herufi hata moja. Palikuwa na nafasi tupu, ile nafasi ya kati ya neno na neno, nyingine nyuma ya nyingine, zimejaza mstari mzima. Niligonga, nikagonga. Emérence akauliza, "Unatafuta nini?" Nikamwambia, "Namtafuta mwenye kuandika."

Nilikaa chini, ndipo nikaona. Kule Ntoto hakuna aliyewafundisha kutengeneza kolone. Adelaïde hupanga kwa kugonga nafasi tupu mpaka neno lifike anapolitaka. Kwenye mistari mitatu ya kwanza, kushoto kuna jina la mfu, halafu nafasi, halafu jina la mzima. Mstari wa nne kushoto hauna mtu, maana wafu ni watatu na wazima ni wanne. Kwa hiyo mstari wa Noël ulikuwa nafasi tupu kutoka ukingo mpaka ukingo, na jina lake mwishoni kabisa. Mashine yangu ilipovisha ile sura nyingine ya herufi, kila nafasi ilinenepa kidogo. Mistari yenye majina mawili ilisogea, lakini ikatosha. Mstari wa Noël, ambao wote ni nafasi, ulinenepa kuliko mingine, ukapita ukingo wa karatasi. Na neno likikosa mahali mwishoni mwa mstari, mashine hulishusha mstari wa chini, mwanzoni, kushoto. Chini ya Prince.

Afande ameweka kalamu chini. Naomba aichukue, maana hili ndilo la maana kuliko yote. Mtu aliyetaka kumweka kaka yake chini ya Prince angeandika jina na kumaliza. Hana sababu ya kugonga nafasi zote zile. Anayegonga nafasi zote zile anataka kumpeleka ng'ambo, mbali na wafu, mpaka mwisho wa karatasi.

Jumanne tarehe 10 nilipanda moto, yaani pikipiki, mpaka Kingi, laptop nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Noël alikuwa kwenye mkeka. Mabega yale yamepungua. Mama Libérata alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, kama askari, bila kukukosea Afande.

Nikasema, "Kaka Noël, nimekuletea mashine."

Hakugeuka. "Njo ile ilinizika?"

"Njo ile. Inakuja kuomba musamaha."

Hapo aligeuka. Nilimwonyesha yote, nafasi kwa nafasi. Nilimwonyesha jinsi jina linavyopanda na linavyoshuka. Alitazama vizuri. Noël si mjinga.

Akasema, "Kwa mashine ya Ntoto niko muzima. Kwa yako nimekufa. Sasa mimi niko wapi, Papa Nestor? Huku katikati, mu njia?"

Nikamjibu kuwa yuko kwenye mkeka, na kwa nilivyoona ule mkeka una kunguni. Emérence alinipiga begani. Noël akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia usoni.

"Sikatae maneno yako," akasema. "Adelaïde hakufanya kitu. Muende mumwambie polisi. Lakini haikuwa Adelaïde njo aliniita. Shangazi alisema Prince, akanyamaza. Mimi nilikuwa namungojea aitike. Unaelewa? Tangu tulimuzika namungojea. Halafu nasikia jina yangu. Ile 'niko' sikumujibu shangazi. Nilimujibu mutoto. Na nilifurahi, Papa Nestor. Hiyo njo inaniogopesha."

Emérence alitoka nje.

"Sasa nikiamka, nikule, niende shamba," akasema Noël, "nitakuwa nimemudanganya. Nilimuambia niko."

Nilifunga laptop.

Aliyejibu ni Mama Libérata, kutoka kwenye kiti chake. Alisema hawatafukua kaburi, wafu hawasumbuliwi kwa ajili ya makosa ya wazima. Majina yaitwe tena palepale, kwa karatasi ya mashine, maana kwa karatasi ya mashine ndivyo yaliharibika. Ile ya chini ibaki chini, mpya izikwe juu yake. Nikamwambia vizuri, jioni hii naiandika. Akanikazia macho kupitia miwani ya marehemu.

"Wewe? Wewe ni mutu wa maua. Aandike mwenye aliandika. Ajue mwenyewe anamuweka kaka yake wapi."

"Na juu ya Prince, mama?"

"Prince nitamuita. Nitanyamaza murefu. Noël asikirize kama iko mwenye anamuita. Asikirize yeye mwenyewe, asisikirize ya watu."

Ndiyo maana jana, Jumatano tarehe 11, nilikuja hapa na clé. Afande anakumbuka, lakini naomba iandikwe. Nilisema nitamwonyesha kwenye mashine ya kituo, ili asidhani nimepanga uongo kwenye yangu. Mashine ya kituo ina programu ya tatu, si ile ya Ntoto wala si yangu. Tuliifungua pamoja. Hiyo haikujua nafasi tupu kabisa. Ilizimeza zote. Majina saba yalikaa kwenye msururu mmoja, Raphaël ameshikana na Fifi, Prince ameshikana na Adelaïde, wafu na wazima bila hata mlango kati yao. Na Adelaïde alikuwa nyuma ya ukuta huo huo, tukimsikia anakohoa. Afande alisema, "Funga. Funga." Sijawahi kuona polisi akitaka kitu kifungwe haraka namna ile.

Afande aliniruhusu kusema na Adelaïde mlangoni. Nilimwuliza jambo moja tu: kwa nini Noël, mtoto mkubwa, alimweka wa mwisho?

Akasema, "Kwetu wa mwisho njo mwenye kufunga njia. Wengine wanarudi, yeye anabaki nyuma, anahakikisha mufu hafuate mutu nyumbani. Iko nafasi ya mukubwa. Ningemupa nani mwingine?"

"Hata na kesi ya shamba?"

"Shamba nitamushinda," akasema. "Lakini shamba iko shamba. Ile nafasi ni yake."

Nilipokuwa narudi dukani nililifikiria hilo. Kama angemchukia kidogo tu, angemweka wa kwanza, wa pili, popote. Angekuwa na jina la mfu kushoto kwake, mstari wake ungetosha, na asingeanguka. Alianguka kwa sababu alipewa heshima.

Ninachoomba ni hiki. Adelaïde aletwe dukani kwangu, na askari kama inabidi, nina benchi. Aandike mwenyewe, kwenye mashine yangu, na iliyoandikwa hapo itachapwa hapohapo bila kusafiri kwenda mashine nyingine. Nitamwonyesha kutengeneza tableau: ni kolone zenye kuta, kila jina lina chumba chake, na hata herufi zinenepe namna gani, hakuna atakayeingia kwa mwenzake. Halafu aende Kingi, aonekane na watu akiwa na karatasi hiyo mkononi. Sijui kama Noël atainuka. Mimi ni mtu wa kuchapisha. Najua tu kwamba aliyelala kule amejibu mahali ambapo hakuitwa, na aliyefungwa hapa hakumwita.

Tangu Jumatatu, nikichapa karatasi ya mtu yeyote, hata ya mtihani wa shule, naweka alama mbele ya kila jina na kurudi nyuma kuangalia kuna nini. Mara nyingi hakuna kitu. Lakini jana usingizi ulikataa, kwa sababu niliwaza karatasi zote zilizokwisha kwenda, na vifua zilivyowekwa juu yake, na hakuna atakayenirudishia nikazisome.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyasikia, na sina jingine la kuongeza wala la kupunguza. Nimeomba maelezo haya yaandikwe kwa kalamu, yasitiwe kwenye mashine yoyote, na Afande amekubali kabla sijamaliza kuomba.

Sahihi: Nestor Bauma

Maandishi ya OPJ: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa lugha anayoielewa, ameyakubali, ametia sahihi mbele yangu. Masisi-centre, 12 Septemba 2019. Darius, OPJ.

Nyongeza ya OPJ, Jumamosi tarehe 14 Septemba 2019: Adelaïde aliandika karatasi mpya jana, dukani kwa shahidi, mbele yangu. Ina maua. Leo nimefika naye Kingi. Noël aliletwa kaburini akishikwa na mke wake upande mmoja na shahidi upande wa pili. Hakuna fujo iliyotokea.

Mama Libérata aliita wanaompokea. Baada ya jina la Prince alinyamaza. Noël alifungua mdomo, wote tuliona. Tulisubiri muda mrefu, na mimi pia nilisubiri. Hakuna sauti iliyotoka popote. Akaufunga mdomo.

Kisha waliitwa wanaomsindikiza. Fifi, Emérence na Adelaïde waliitika. Noël aliitwa wa mwisho. Jibu lilichelewa, lakini lilisikika.

Adelaïde ameachiliwa. Karatasi imezikwa. Darius, OPJ.